Kumchunguza Mbwa wa Kituku

Jumanne, 3 Juni

Nimeumwa na mbwa. Si kuumwa hasa. Kuguswa kwa meno.

Acha niyaandike yalivyokuwa, maana kwingine kokote siwezi kuyasema. Maji ya mgao yalikuja asubuhi. Kwa jirani yangu Kituku yalikuja kwa kishindo, tangi lake jeusi likajaa mpaka likamwaga. Kwangu mfereji ulikohoa, ukatoa hewa, ukatoa mende mmoja, ukanyamaza. Bomba ni moja. Mtaa ni mmoja. Sasa mbona?

Kwa muda mrefu nimeshuku kwamba chini ya michongoma ya Kituku kuna vali, chuma cha kugeuza maji yaende upande wake. Mimi ndimi katibu wa kamati ya maji ya mtaa. Tarehe kumi na tano, baada ya ibada, tunachagua mwenyekiti. Wagombea ni mimi, Kituku, na Kitheka wa nyumba ya kona, ambaye hakuna anayemhesabu kwa vile huwa hasemi. Nikiipata ile vali, nimeshinda kabla ya kura!

Nikalala kifudifudi nje ya ua wake. Nikaingiza mkono. Nikapapasa. Nikagusa chuma baridi. Halafu nikagusa kitu baridi ambacho si chuma. Pua. Pua ya Gadi, mbwa wa Kituku. (Kituku alikuwa gadi wa treni kabla ya kustaafu. Cheo kilipoisha akampa mbwa.) Gadi alishtuka. Nami nilishtuka. Yeye akawa mwepesi zaidi.

Vidonda viwili vidogo nyuma ya kidole gumba. Damu kidogo. Nyumbani maji yalikuwa nusu mtungi, ya kupikia. Nikapangusa kwa mafuta ya taa. Mke wangu Mable akauliza ni nini hicho. Nikasema mwiba wa mchongoma. Akaushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza ni mwiba gani huo wenye meno mawili. Kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimesoma kwenye simu habari za kichaa cha mbwa. Heri nisingesoma.

Wanasema kwanza, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Yanayotiririka! Aliyeandika hayo haishi Voi. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo upewe chanjo. Na mbwa asiuawe. Afungwe, achunguzwe siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku aliyouma hakuwa na ugonjwa.

Nimeyapima. Kuosha nimeosha leo, kwa kikombe, Mable akiuliza kama kidole kitahitaji na taulo. Hospitali ndiyo yenye shida. Wataniuliza mbwa ni wa nani na aliniuma nikifanya nini. Nijibu nini? Kwamba katibu, aliyesimama mbele ya watu mwezi jana akawakemea wanaochezea mabomba, alikuwa amelala kwenye vumbi na mkono ndani ya ua wa mpinzani wake? Lakini kumchunguza mbwa hakuhitaji kuongea na mtu. Nitamchunguza mbwa.

Kuna sentensi moja niliyoirudia kuisoma. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Imenikumbusha seremala mmoja wa Chawia, nikiwa mtoto. Walimfungia chumbani. Sisi watoto tukawa tunapitishwa njia ya mbali kwenda shule ili tusisikie. Tulisikia.

Mchana wote nimekaa na sauti hiyo. Nikajiuliza, uhai au uenyekiti? Nikaona si lazima nichague leo.

Alhamisi, 5 Juni

Hila ya kwanza. Nimekwenda hospitalini kwa niaba ya rafiki. Rafiki mwenyewe hajawahi kuzaliwa.

Kwenye chumba cha sindano nikamkuta Wendy, muuguzi, anayeimba kwaya moja na Mable. Ningegeuka, lakini alishaniita Baba Shanice kwa sauti ile ya kanisani, na wagonjwa wote wakageuka kunitazama. Nikamwambia nina rafiki huko Taveta aliyeparuzwa kidogo na mbwa, anauliza kama sindano bado ni zile nyingi za tumboni. Wendy akacheka. Akasema hizo ziliisha zamani, siku hizi ni za begani, na ni chache. Kisha akaacha kucheka. Akasema rafiki aje leo, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Akingoja dalili ndipo aje, atakuwa amekuja kuagana.

Akauliza ameumwa wapi. Mkononi. Mkono upi? Hapo ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni tangu nifike, na kwamba nilikuwa nimemsalimia kwa wa kushoto. Nikasema nitamuuliza, mtandao wa Taveta ni mbaya.

Nimewaza kwenda zahanati ya Wusi, kwa mama. Hapana. Wusi ukikohoa asubuhi, kufikia saa nne shangazi watatu wameshafika na tangawizi, na wa nne anauliza shamba litabaki kwa nani.

Jumamosi, 7 Juni

Uchunguzi unaendelea. Nimeweka kiti kando ya ua nikajifanya nashona kiatu. Ni kile kile tangu Alhamisi. Watu wameanza kunipa pole.

Gadi leo amelala. Ameamka. Amejikuna. Ameibwekea pikipiki. Amelala tena. Simu inasema mbwa mgonjwa hubadilika tabia. Lakini tabia yake ya awali ilikuwa ipi? Miaka yote ameishi hapo na sijawahi kumtazama. Kila kiungo cha bomba la mtaa huu nakijua, ila mbwa wa jirani, hata sijui hulalia ubavu gani. Ni jambo la kufikirisha. Mtu hakijui kiumbe mpaka kimshikie uhai wake.

Saa sita alianza kutokwa na mate. Nikasimama, moyo unapiga ngoma! Kumbe Wanza, mke wa Kituku, alikuwa anakaanga nyama. Mimi pia yalinitoka.

Najichunguza na mimi mwenyewe. Mgonjwa huogopa maji, wanasema. Nilikuwa nimepanga kila asubuhi niweke maji kwenye beseni, niyatazame, nione kama nitashtuka. Maji yenyewe hakuna. Huku kwetu mtu atajuaje kama anayaogopa maji au ameyasahau tu sura?

Jioni, ajabu kubwa. Kituku amenialika kwake! Mimi na yeye husalimiana kwa kidevu. Akanipa kiti kizuri, akasema Katibu kaa hapa kwenye mwanga. Akanimiminia glasi ya maji. Nikanywa. Alilifuata lile funda kwa macho, kooni mpaka kifuani. Akamimina nyingine. Nikanywa. Akashusha pumzi, akasema vizuri, vizuri sana.

Nimeelewa. Hii ni kampeni! Mtu ananunua kura kwa maji, tena kura ya mpinzani wake! Nimekunywa glasi ya tatu, iwe ushahidi.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani Kituku ameacha benchi lake akaja kukaa kwetu. Na chupa ya maji. Katikati ya mahubiri akanigusa goti, akanipa. Nikanywa. Akampungia mkono Wanza kule upande wa akina mama, na Wanza akafunga macho kama mtu anayeshukuru.

Siipendi kampeni hii. Haina hata sera, na bado inanishinda.

Mahubiri yalihusu kuwa tayari, kwa maana saa hatuijui. Mchungaji hakunitazama hata mara moja. Maneno yenyewe yalinitazama.

Jumatatu, 9 Juni

Gadi hayupo! Mnyororo upo. Bakuli lipo. Mbwa hayupo.

Nikamzungukia Wanza kwa ujanja, nikasema siku hizi mtaa umetulia sana, hata kubweka hakuna. Akasema Gadi amepelekwa Salaita kwa kaka yake Muasya, anayelima nyanya, maana tembo wamemsumbua. Gadi akafukuze tembo! Huyo hufukuzwa na kuku.

Siku kumi hazijatimia. Uhai wangu umepanda gari ukaenda Salaita bila kuniaga.

Hila ya pili. Namba ya Muasya ninayo, aliwahi kutuletea nyanya. Nikampigia kwa sauti nzito, nikajiita Bwana Alexander wa idara ya mifugo, nahesabu mbwa wageni. Muasya alikuwa muungwana kabisa. Mbwa anakula? Anakula sana, jana amekula ndara ya mke wangu. Anakunywa maji? Anakunywa. Amemuuma mtu? Akasema hapa bado, huko Voi siwezi kujua. Kisha akauliza, na wewe afisa, wewe mwenyewe maji unakunywa vizuri? Nikasema vizuri tu, asante.

Watu wa upande ule wana adabu ya ajabu.

Alhamisi, 12 Juni

Leo maji yamekuja, hata kwangu! Mable kwa furaha akapika uji, akapika chai, nikanywa vyote. Tumbo likawa limejaa mpaka shingoni. Hapo ndipo Kituku akaniita kwake. Kiti kile kile. Glasi ile ile. Nikaisukuma kando. Nikasema leo hapana, mzee, leo maji hata kuyaona sitaki.

Kituku alisimama. Uso ukawa kama jivu. Akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta, akapaza sauti: Wanza! Wanza! Ameyakataa! Ameyakataa maji!

Wanza akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. Akanitazama. Akapita mbio mpaka nje, akafunga mlango, nikasikia kufuli. Tukabaki wawili, na glasi katikati yetu. Kituku alichelewa kidogo kutambua kwamba amefungiwa pamoja nami. Alipotambua, akapanda juu ya kiti.

Kutoka huko juu akaanza kunisihi. Katibu, funda moja tu. Kunywa nikuone. Kwa jina la mama yako aliyeko Wusi, kunywa. Haikuwa sauti ya mgombea. Sikuelewa chochote, lakini nikanywa. Nikaimaliza. Akateremka polepole, akaketi, akafunika uso kwa kofia yake.

Ndipo siri ikatoka.

Siku ile alikuwa dirishani. Aliniona nimelala kando ya ua, akamwona Gadi akija, akaniona nikivuta mkono. Hata hakumbuki Gadi alichanjwa lini mara ya mwisho, kama aliwahi. Akangoja nije kupiga kelele mlangoni. Sikuja. Alitaka aje yeye aniambie niende hospitali, lakini ningemuuliza aliniona nikifanya nini, naye ingembidi aseme nilikuwa napapasa vali yake. Na vali ipo! Amekiri mwenyewe, juu ya kochi lake, bila kulazimishwa.

Kwa hiyo yeye alinyamaza kwa ajili ya uchaguzi, na mimi nilinyamaza kwa ajili ya uchaguzi. Mimi nikawa namchunguza mbwa wake kwa kiatu. Yeye akawa ananichunguza mimi kwa glasi. Gadi alifichwa Salaita kwa sababu mtaa ukisikia mbwa ameuma mtu, mawe yataanza kabla ya chakula cha mchana, na mbwa aliyekufa hachunguzwi. Hilo nami sikuwa nimelifikiria. Muasya alikuwa anampa ripoti ya mbwa kila jioni. Hata ile simu ya Bwana Alexander ilifika siku ile ile.

Nikamuuliza, na kama kweli ningeyaogopa maji, ungefanya nini? Akasema hajui. Akasema kwamba usingizi ulimwisha tangu Jumanne ile. Nilimwamini. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mbwa yeyote niliyemsoma.

Naandika haya na bado siwezi kuyapita. Watu wazima wawili, ua kwa ua, kila mmoja anangoja aone kama mmoja wetu atakufa, na wote tukaona hilo ni afadhali kuliko kushindwa kura za kunyoosha mikono. Yule seremala wa Chawia labda hakuwa na pa kwenda. Mimi paa la hospitali naliona kutoka mlangoni kwangu.

Wanza alipofungua kufuli alikuwa na Mable. Mable alikuwa ameshavaa viatu.

Ijumaa, 13 Juni

Jana nilichomwa, bega moja na lingine, na sindano nyingine pale pale kwenye kidonda. Ile ya kidonda sitaieleza.

Wendy aliniuliza rafiki wa Taveta amefika? Mable akasema ndiye huyu. Wendy akasema yeye aliamini kabisa kwamba rafiki yupo, kwa sababu hakudhani mtu mzima anaweza kujifanyia hivyo. Akakiweka kidonda chini ya mfereji, kwa sabuni, akayaacha maji yatiririke. Yakatiririka. Robo saa! Nikiyatazama yakipotea kwenye shimo. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi jana.

Njiani Mable aliongea mara moja tu. Aliuliza kama niliwahi kufikiria ni nani angempigia Shanice kule Mombasa, na angeanzaje. Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimefikiria hotuba ya kushukuru wapiga kura.

Leo zimetimia zile siku kumi. Muasya amesema Gadi ni mzima na sasa amekula ndara ya pili, angalau jozi imekamilika. Nikampelekea Wendy habari hizo, nikauliza kama basi sindano zikome. Akasema mbwa anayechunguzwa kwa simu na shemeji si mbwa aliyechunguzwa. Zinaendelea.

Jumapili, 15 Juni

Sindano nyingine ilikuwa leo. Leo! Nikamwomba Wendy tuisogeze mpaka kesho, nina shughuli ya kitaifa. Akasema ugonjwa huu hausogezi. Akataka na mwenye mbwa aje, aeleze habari za mbwa kwa mtu wa mifugo.

Kwa hiyo nilikaa foleni na Kituku. Tulitoka kasi, yeye kashika kofia, mimi nimeshika bega. Tulipofika uwanja wa kanisa watu walikuwa wanakunja viti. Wagombea wawili hawakuwepo. Wa tatu alikuwepo. Kitheka ni mwenyekiti. Nasikia hotuba yake ilikuwa neno moja, asanteni, na walimpigia makofi kwa kuwa ilikuwa fupi.

Tulirudi nyumbani pole pole. Kituku akasema angalau uko hai, Katibu. Nikasema ndiyo. Tukatembea kidogo. Akasema hotuba ya neno moja, hata mimi ningeiweza.

Usiku huu, cha ajabu, sina uchungu. Nimekunywa maji kwa sababu nilikuwa na kiu. Ni kitu kizuri sana, kunywa maji na hakuna anayekutazama. Nimejiambia kwamba mambo ya vali na uenyekiti nimeyaacha. Mtu akishaona mlango ule wa Chawia kwa karibu, atataka nini tena kwenye ua wa mwenzake?

Jumamosi, 21 Juni

Gadi amerudi. Amenenepa. Mtu wa mifugo amemchanja, na Kituku ameing'oa vali yake kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nimebakiza sindano moja. Amani tupu.

Maji ya mgao yamekuja asubuhi. Kwangu mfereji ulikohoa, ukanyamaza. Nikachungulia kwa Kituku nimwonee wivu kidogo. Kwake pia ulikohoa! Yeye akachungulia kwangu. Tukatazamana. Halafu wote wawili tukasikia, kutoka nyumba ya kona, maji yakimwagika kutoka juu ya tangi.

Kitheka! Yule yule asiyesema!

Kituku amehamishia kiti chake upande wangu wa ua. Anayajua mambo haya kwa uzoefu, na anasema kwa sauti ya maji yale vali iko upande wa nyuma, chini ya ule mchongoma mnene. Kesho Kitheka atakuwa mbele kanisani akisoma matangazo ya kamati. Nyumba itakuwa tupu. Isipokuwa mbwa. Anao wawili, wakubwa, na mtu wa mifugo alipokwenda kuwachanja baada ya Gadi, Kitheka hakufungua geti.

Tumelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama watu waliopitia mengi. Kituku ataleta mfupa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani ataingiza mkono.

Nikamshangaa. Mtaa mzima huu tuliochanjwa ni wawili tu, mimi na Gadi. Na Gadi hana vidole.